Barua ya Mchepuo wa Afya

Nilitamka sentensi moja kwenye kikao cha wazazi, na kwa majuma sita yaliyofuata sikuwa na raha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Tulikuwa tunakaa ughaibuni, mji wa Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, na binti yangu alikuwa darasa la kumi katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya maegesho ya magari. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, wiki nzima yuko njiani, kwa hiyo mambo ya shule yalikuwa yangu. Nilijiunga na baraza la wazazi kwa sababu waliniomba, na kwa miaka mitatu kazi yangu kubwa pale ilikuwa kuleta sambusa. Watu walinipenda kwa sambusa zangu. Sikumbuki mtu yeyote kuniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote.

Shule ilikuwa inapungukiwa na watoto. Kila asubuhi niliwaona vijana wa majengo yetu wakisubiri basi kwenda shule za mbali, huyu shule ya sanaa, yule shule ya hisabati, mwingine ya michezo. Madarasa ya ghorofa ya tatu yalikuwa yamefungwa kwa kukosa wanafunzi, na kulikuwa na fununu kwamba bodi ya elimu inatafuta shule za kufunga.

Aliyeleta wazo la kuomba mchepuo wa afya ni mwalimu wa biolojia, mama mrefu ambaye wazazi wake walitoka Trinidad. Neno lenyewe halikunisumbua. Nyumbani Tanzania nilisoma shule ya mchepuo wa biashara, na tulijua fika kwamba ile ya jirani ni ya kilimo na ile ya mjini ni ya ufundi. Ila kwetu serikali ndiyo iliyoamua, shule ikapokea. Hapa shule yenyewe ilitakiwa kuomba, na kuomba kwenyewe kulikuwa kama kesi: unaandika kurasa kwa kurasa, unaonyesha walimu unao, unapanga masomo yatakayofundishwa pamoja, unasema vijana watapata vyeti gani vya nje, kama huduma ya kwanza na kuzuia maambukizi. Bodi ikiridhika inapeleka maombi wizarani. Ukikubaliwa unapata fedha za vifaa na nauli za wanafunzi, na mhitimu anapewa cheti chenye muhuri mwekundu.

"Kila kitu tunacho," mwalimu alituambia kikaoni, "isipokuwa kimoja. Lazima tuwe na sehemu ya kazi iliyokubali kwa maandishi kuwapokea wanafunzi kwa mafunzo. Zahanati mbili zimenikatalia. Bila barua hiyo, bodi haitasoma hata ukurasa wa kwanza."

Mimi wakati ule nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa vituo sita vya basi kutoka pale. Nikainua mkono.

"Ninapofanya kazi watawachukua," nikasema.

Sikusema nitauliza. Nilisema watawachukua. Watu wakapiga makofi, mwalimu akaandika jina la mahali pangu pa kazi, na kwa mara ya kwanza katika baraza lile nikajiona mtu. Jirani yangu, baba mmoja Mkongomani wa ghorofa ya nane aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha kuku, akanishika bega. "Dada," akasema, "sasa tuko sawa."

Msimamizi wetu kazini alikuwa muuguzi wa miaka mingi. Alitembea bila viatu vyake kusikika, na unapogeuka unamkuta nyuma yako anasoma chati ulizozijaza. Nilisubiri siku nzuri ya kumwambia. Juma la kwanza hakukuwa na siku nzuri. La pili mafua yakaingia, ghorofa nzima ikafungwa kwa wageni, sote tukawa kwenye barakoa na magauni ya plastiki. Juma la tatu nikamkuta peke yake chumba cha dawa.

Hakuniacha nimalize. "Wanafunzi hapana," alisema. "Tulishawahi kuwachukua, kabla hujaja. Kulikuwa na mzee hapa asiyeweza kumeza vitu vyepesi, kila kinywaji chake kinatiwa unga wa kukifanya kizito. Msichana mmoja akamwonea huruma, akampa maji ya bomba. Yakaenda kwenye mapafu. Alikaa hospitali majuma mawili, na mimi nikakaa mbele ya familia yake. Sitaki tena."

Nilipaswa kwenda shuleni siku ile ile. Sikwenda. Mwalimu alipopiga simu kuuliza barua imefikia wapi, nikamwambia inakuja. Alipopiga tena, nikasema msimamizi amesafiri. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, na huyo msimamizi niliyemsafirisha yuko hatua kumi mbele yangu anahesabu mashuka.

Nilijiambia kwamba nitapata njia, atalainika, au bodi itaahirisha. Nilianza kupanda ngazi ili nisikutane na watu wa baraza kwenye lifti, lakini ghorofa kumi na moja si mchezo, na siku moja goti likagoma. Nikapanda lifti, na yule baba Mkongomani akaingia nyuma yangu.

"Dada, mutoto nimemutosha kule," akaniambia. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu kutosha ni kutoa, na nilimwelewa vizuri mno. Binti yake alikuwa amepata nafasi shule ya mbali yenye mchepuo wa sayansi, mwendo wa saa nzima kwa basi. Alikuwa anataka uuguzi. "Nimeandika leo kwamba hatakwenda. Si mchepuo unakuja hapa kwetu?"

Nikamtazama usoni nikasema, "Unakuja."

Jioni ile simu ililia tena. Mwalimu hakuuliza kitu. Alisema ameshaingiza jina la nyumba ya wazee kwenye maombi ili asipitwe na wakati, barua ifuate, na kwamba Jumanne ijayo mtu wa bodi atapigia simu kila mahali palipotajwa kuthibitisha. Nikamshukuru.

Binti yangu alikuwa mezani na daftari zake. Alinisikia, na alikuwa akielewa kila neno la Kiswahili ingawa hujibu kwa Kiingereza siku zote.

"Mama, kwani walikubali?" aliniuliza.

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, mtoto. Akafunga daftari.

"Mama, hao watu wanatumia jina la kazini kwako, na kazini kwako hawajui. Wakipigiwa simu Jumanne, wewe utakuwa umesimama wapi?"

Nikachukua kalenda, nikahesabu siku zilizobaki mpaka Jumanne.

Ijumaa nikaenda shuleni kabla ya zamu yangu. Mwalimu alikuwa maabara anakula chakula chake kwenye mkebe, na karatasi za maombi zimepangwa juu ya meza ndefu, sehemu kwa sehemu, kila sehemu na kibanio chake. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Kwamba sikuwahi kuwa na ruhusa, kwamba nilishakataliwa, kwamba safari ya msimamizi niliitunga.

Akafunika mkebe. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Ungeniambia siku uliyokataliwa, ningepata majuma mawili ya kutafuta kwingine," alisema. "Sasa nina siku mbili za kazi. Hujanidanganya mimi peke yangu. Nimetia saini kwamba yaliyomo humu ni kweli."

"Najua."

"Nipeleke kwake."

"Hatakubali, mwalimu."

"Basi anikatalie mwenyewe."

Jumatatu saa nane mchana tuliingia ofisini kwa msimamizi. Yeye alikuwa upande ule wa meza, mwalimu kiti cha karibu na dirisha, mimi karibu na mlango na sare yangu ya kazi. Mwalimu alianza kwa kueleza kosa, bila kulipamba na bila kunitetea. Msimamizi akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyetoa ahadi kwa jina la nyumba hii?"

"Ndiyo."

"Kabla ya kuniuliza, na ukaacha iendelee baada ya kunisikia?"

"Ndiyo."

Akaandika kitu. Nilidhani kazi imekwisha, na nikaanza kupiga hesabu ya nani angenipokea bila barua ya sifa. Ndipo mwalimu akauliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza kama atatusaidia.

"Yule msichana wa maji," alisema, "kabla ya kuletwa hapa alifundishwa nini?"

Msimamizi alifikiri. "Alizungushwa jengo. Asubuhi moja."

"Hakuna aliyemweleza habari za kumeza?"

"Alipewa kijitabu."

"Wangu watakaa darasani muhula mzima kwanza. Nisaidie kuandika wanachopaswa kujua kabla hawajafika kwenye mlango wako. Orodha iwe yako. Asiyeimudu, sitamleta."

Walizungumza karibu saa nzima. Mara kadhaa niliona kama mambo yameharibika. Msimamizi aliuliza nani atalipa vipimo vya kifua kikuu, nani atabeba mzigo wa bima, na mwalimu kwa mambo mengine alikiri hajui, akaomba simu akapiga bodi pale pale. Mwisho msimamizi akauliza, "Na huku ghorofani watakuwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

Akanitazama. "Wewe ni mwepesi wa kuahidi."

Hilo lilikuwa kweli. Akachukua karatasi, akaandika masharti kwa mkono: wawili wawili tu, hawalishi, hawanyweshi, hawainui mtu, miezi miwili ya kwanza wanatazama. Kosa moja, mpango unakufa. Kisha akapiga chapa barua mbili. Moja ilikuwa ya shule. Ya pili ilikuwa yangu, barua ya onyo, ya kuingia kwenye faili langu. Zote akazitia saini kwa kalamu ile ile, akasema zamu yangu imeshaanza dakika tano zilizopita.

Kesho yake, Jumanne, nilikuwa nasukuma toroli la nguo chafu nikasikia simu ofisini. Nikasimama. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, tuna makubaliano. Ndiyo, kwa maandishi." Nikaendelea kusukuma.

Majibu ya wizara yalichukua miezi. Yalipokuja kwa kukubali, chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kilifunguliwa, kikaingizwa vitanda viwili vya hospitali, mashine ya kuinulia wagonjwa, na sanamu la mtu mzima ambalo wanafunzi walilifunga bendeji mpaka likachakaa. Bodi haikuzungumza tena juu ya kuifunga shule ile. Kama ni mchepuo ulioiokoa au ni mambo mengine, mimi siwezi kuapa.

Binti wa baba Mkongomani alikuwa katika wawili wa kwanza walioletwa ghorofani kwangu. Siku ya kwanza, akitazama tunavyombadilisha nepi mzee mmoja, alikimbia nje, akatapika, akanawa uso, akarudi akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Msimamizi alimwona. Hakusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Wangu hakutaka kujiunga. Nilimletea fomu, nikaiweka mezani. Aliisoma yote, kwa adabu, akanirudishia.

"Mama, nimeona mgongo wako," alisema. "Nimekufunga ule mkanda wa kushikilia mgongo kila asubuhi kwa miaka miwili. Sitaki."

Niliumia siku nyingi. Nilikuwa nimeingia matatani kwa ajili ya mlango ambao mtoto wangu hakuwa na haja ya kuupita. Alichukua masomo ya uhasibu na akayamudu.

Kwa baba Mkongomani nilikawia kukiri. Nilimwambia baada ya majibu ya wizara, kwenye lifti tena, kila mmoja na mifuko yake ya duka. Lifti ilipofika ghorofa ya nane akazuia mlango kwa mguu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilipokwambia nimemutosha mutoto," alisema, "ulikuwa unajua hakuna barua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulinitazama mu macho."

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

Akaondoa mguu, mlango ukajifunga. Baada ya hapo aliendelea kunisalimia, maana ni mtu aliyelelewa, lakini sikuwa dada tena. Nilikuwa "madamu". Habari za asubuhi, madamu. Ilidumu hivyo zaidi ya miaka miwili, na nilijua sina haki ya kulalamika.

Siku ya mahafali ya binti yake nilikuwa kwenye ukumbi wa shule, nyuma, karibu na meza ya vinywaji. Familia yote ilikuwa imevaa vitenge vya aina moja, na mtoto ameshika cheti chake mbele ya kifua, muhuri mwekundu unaonekana. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapiga picha. Baba akaangaza macho ukumbini, akaniona, akanijia na simu mkononi.

"Dada," akasema, "shika hii vizuri. Usikate mutoto kichwa."