Meno ya Milembe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, nilipewa siri iliyonizidi umri. Mdogo wangu Milembe alikuwa ameanza kuota meno, na yaliyotangulia yalikuwa ya juu.

Katika kijiji chetu, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Puge, mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Ilisemwa kwamba akiachwa akue, kila jino lake litaondoka na mtu wa ukoo. Zamani vigego walitupwa porini. Enzi zile za Mwingereza hakuna aliyethubutu kulitamka hilo, ila watoto hao waliugua ghafla wakafa, na hakuna aliyeuliza.

Tuliojua tulikuwa watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Bibi aliamini habari za vigego kwa moyo wake wote. Lakini Milembe alizaliwa mikononi mwake, na ndiye aliyeamua tumfiche.

"Ya chini yakishatoka, nani atajua yapi yalitangulia?" alisema. "Ila likijulikana kabla, nyumba hii itavunjika. Nimeshaona."

Kila Jumatano alikuja Sista Dora kwa baiskeli kutoka misheni. Alikuwa mzungu, bado kijana, aliyeacha kwao na kujitolea kututumikia. Asubuhi alitufundisha kusoma ndani ya kanisa la nyasi. Mchana, kwenye baraza ya kanisa hilo, alipima watoto uzito, akasafisha vidonda na kugawa dawa. Nilimpenda mno. Aliushika mkono wangu mpaka nikaweza kuandika jina langu. Siku moja darasani alisema jino halina habari na kifo cha mtu, nami nikaamini, kama nilivyoamini kila alichosema.

Jumatano moja Milembe aliamka anaharisha, na mama mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa. Akanifunga mtoto mgongoni.

"Apate dawa, mrudi," alisema. "Kinywa chake asikifungue mtu."

Sista alipotaka kumtazama ulimi, niliuziba mdomo wa Milembe kwa kiganja.

"Kuna nini?" aliniuliza taratibu.

Nikamnong'oneza yote. Nilidhani nimemkabidhi mdogo wangu kwa mtu mwenye nguvu kuliko ukoo mzima.

Uso wa Sista ukawa mwekundu kwa hasira. Alimchukua Milembe, akasimama mbele ya foleni.

"Akina mama, tazameni!" Akauinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole. "Mnamwita huyu mkosi? Ni mtoto kama wa kwenu!"

Meno mawili, madogo kama punje za mchele. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni alimbeba mwanawe akaondoka bila kugeuka, akafuatwa na wa pili, kisha wote. Sista alibaki na Milembe aliyekuwa akilia, akanitazama.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

Nilimchukua Milembe, nikakimbia naye nyumbani.

Jua halijazama, baba mkubwa alishafika kwetu. "Mdogo wangu," alimwambia baba, "mzungu amekifunua kinywa cha mwanao mbele za watu. Mkeo alikuwa anatufichia kifo. Nipe mtoto, nikamtazamishe kwa wanaojua."

Baba hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mwoga, na siku ile niligundua kwamba tofauti yake ni ndogo. Alimwambia mama amtoe mtoto.

Mama aliinuka na homa yake, akamfunga Milembe mgongoni. "Wa kumtazama wapo misheni," alisema, akashika njia. Nilimkimbilia hadi mashambani.

"Rudi," aliniambia. "Nikienda na wewe, watasema nimewaiba wote, watanifuata. Kaa na bibi yako."

Misheni waliwapokea, wakawapeleka Tabora mjini, mama akapata kazi ya kufua nguo za wagonjwa. Huku nyuma bibi aliacha kula. Nilimpelekea uji, akausukuma pembeni. Alikufa kabla ya mvua. Baba mkubwa alisema, "Mnaona?" na kijiji kizima kikaona. Mimi pia niliona, kwa miezi mingi, na niliogopa kuota ndoto za mdogo wangu.

Wanawake hawakurudi tena kupima watoto. Sista alikaa peke yake barazani Jumatano kadhaa, kisha akahamishwa.

Nilimwona mama tena miaka sita baadaye, nilipopata nafasi ya shule Tabora. Alikuwa na chumba mtaa wa Chemchem. Msichana mdogo mwenye meno yaliyopangika vizuri alinipigia goti mlangoni.

"Shikamoo. Mama, kuna mgeni."

Niliitikia marahaba, kwa mtu niliyembeba mgongoni.

Watu niliowasimulia husema kisa kiliishia vizuri, kwa kuwa mtoto aliishi. Ni kweli, na ana wajukuu leo. Kuhusu meno, Sista alikuwa sahihi. Lakini bibi aliwajua watu wetu, naye Sista hakuwauliza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi miguuni pa wote wawili, na mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Mama aliishi akiamini kwamba Sista aliyaona meno yale kwa bahati mbaya. Hakuwahi kuniuliza. Nilikaa naye jikoni siku nyingi, tukichambua mchele tumeinamia ungo mmoja, na kila mara nilijiambia nitamweleza kesho. Nilimzika sijamweleza.