Mama Kengele Kwenye Mafunzo

Shule nzima ya bweni ya Kiislamu ilimwita mlezi wa wasichana Mama Kengele, kwa kuwa mdomo wake haukulala. Hata kwenye mafunzo ya walezi alikuwa ameshafungua madirisha, amenyoosha mikeka, na kumuuliza mkufunzi kama ameshakula. Lakini moyoni roho ilikuwa juu. Bintiye, anayelala bweni hilohilo, alisema muhula ukiisha harudi tena shuleni hapo, na sababu hataki kuitaja.

"Leo tunajifunza kusikiliza," alisema mkufunzi. "Mwenzako akiongea, wewe kimya. Hakuna nasaha, hakuna kujitetea, hata dua ngoja amalize."

"Hata dua?" Mama Kengele aliruka. "Mwalimu, si nitapasuka!"

Walezi wenzake walicheka mpaka machozi. Alijaribu, masikini ya Mungu, lakini mlezi aliyeketi karibu naye alipotaja tu homa ya mwanawe, yeye alikwisha kumtajia dawa.

Baada ya swala ya alasiri alimkuta bintiye uani mwa bweni, anafua. Akageuza ndoo, akaketi, akabana mikono kati ya magoti.

"Niambie kwa nini hurudi. Leo nasikiliza tu."

Binti alimtazama kwa shaka, akaendelea kusugua kola. Ulimi ulimwasha mama, mguu ukawa unacheza wenyewe.

"Mwenzangu akiumwa unakaa naye kitandani," binti alisema hatimaye. "Mimi nilipougua ulisimama mlangoni. Tukichelewa swala sote, ni mimi unayenigombeza mbele za watu. Najua unaogopa watasema unanipendelea. Lakini shule ikifungwa, wenzangu wanakwenda kwa mama zao. Mimi naondoka na mlezi."

Maneno ya kujitetea yalimjaa mdomoni: haki, usawa, macho ya watu. Aliyameza moja moja, na yaliuma. Kumbe alikuwa amemwonea mtoto wake ili yeye aonekane mwadilifu.

Wasichana kadhaa waliingia uani na ndoo zao. "Mlezi," mmoja aliita, "mwalimu mkuu anakutafuta."

Siku nyingine angeshafika. "Mwambie anisubiri kidogo," alisema. "Nipo na mwanangu."

Mkono wa binti ulisimama ndani ya povu. Kama atarudi muhula ujao, hakusema. Mama alitamani kuuliza, lakini alivuta beseni, akatoa shuka lililolowekwa, binti akashika upande mmoja naye wa pili, wakaanza kukamua.