Mkono Kwenye Boneti

Cicily hakuwa mtu wa kutoa vitu vyake ovyo. Lakini Kaburu, mdogo wake, alipopiga simu kutoka Nairobi akasema familia yote itavaa fulana moja kwenye sherehe ya Desemba, fulana yenye picha ya Pijo, gari la marehemu baba yao, Cicily alifungua Biblia akatoa picha. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo ya usichana wake. Amesimama kando ya lile Pijo uani kwao Githongo, sketi imelowa, mkono wa kulia uko kwenye boneti, anacheka.

Na kwa nini asiweke mkono pale? Gari lile lilikuwa lake kuliko la mtu yeyote. Mwaka ambao baba yao, mzee Thuranira, alilinunua kwa pesa za kahawa, karo ya Cicily ilikosekana, akaacha shule kidato cha pili. Yeye ndiye aliyeliosha kila Jumamosi ili ling'ae kanisani. Mvua ikinyesha na mlima ukateleza, yeye ndiye aliyeshuka kusukuma, huku Kaburu amekaa mbele na begi lake la shule mapajani. Ndugu zake wa kiume wakasoma, wakaenda zao. Cicily akabaki na kahawa, na ng'ombe, na mzee mpaka walipomzika. Hakulalamika. Alitaka tu siku moja waseme hayo mbele ya watu.

"Mnirudishie," alimwambia Kagwiria, binti ya Kaburu, alipokuja kuichukua picha.

"Usijali, anti. Naiskani tu, nakuletea."

Siku ya sherehe, mukimo wa viazi na mahindi ulipokwisha kupakuliwa, fulana zikatolewa kwenye maboksi. Zilikuwa nyekundu, na maandishi kifuani: WATOTO WA PIJO. Gari lilikuwa pale, linang'aa kuliko lilivyowahi kung'aa. Cicily akaitazama yake, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Yeye hakuwepo. Walikuwa wamemfuta, na mahali pake wakachora majani. Kilichobaki ni mkono kwenye boneti, mkono usio na mwenyewe.

"Huo tuliuacha, anti, sababu ukitoka boneti inaharibika," Kagwiria akaeleza huku akicheka. "Si inakaa poa?"

"Na picha yangu?"

"Ilibaki kwa mtu wa kuprinti. Alihama, na ukimpigia ni 'mteja hapatikani' tu."

Kaburu akasimama kutoa shukrani. Akasema ni gari hili lililowasomesha. Watu wakapiga makofi, na Cicily akajiuliza, tangu lini gari likasomesha mtu? Jina lake halikutajwa hata wakati wa kushukuru wapishi.

Kisha wakapangwa kupigwa picha. Mpiga picha akampungia mkono.

"Mama, songa kando kidogo. Unafunika gari kwa fulana ya mzee Kaburu."

Akasonga. Alikuwa amezoea.

Asubuhi, wageni walipokwisha kuondoka, alichukua makasi akaukata ule mkono kutoka kwenye fulana yake, polepole, asiguse kidole. Akauweka kwenye Biblia, pale picha ilipokuwa. Gari lililobaki kwenye kitambaa akalichovya kwenye maji ya moto, akaenda nalo zizini kufutia kiwele cha ng'ombe kabla ya kukama.