Mkono Mwepesi na Swali la Adabu

Huyu ni Mkono Mwepesi, binti wa mshona viatu aliyewavisha mahakimu huku yeye akitembea na kandambili, mjukuu wa mwashi aliyejenga shule asiyoingia, kitukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya mtaa wetu. Mama yake ni mdogo wangu. Nimeanza na hayo kwa sababu mabwana wa kampuni nitakayowatajia walimwambia hana msingi.

Alikuwa fundi cherehani barazani kwangu. Alinunua kompyuta kuukuu, kifuniko kimefungwa kwa uzi, akaiweka kwenye meza ya kukatia. Hapo ndipo alipojifunza kutengeneza michezo ya video, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali. Wa kwanza ulikuwa wa sindano inayokimbia kwenye kitambaa ikikwepa vifungo. Niliucheza mwenyewe. Nilishindwa, nikanuna.

Siku moja mjomba wake alimkuta.

"Mtu mzima na michezo?"

"Sichezi, Mjomba. Natengeneza."

"Basi tengeneza suruali yangu. Nayo imenichezea vya kutosha."

Tulicheka sote, naye akiwemo. Lakini suruali ile ilikaa sana bila kushonwa.

Kampuni ya michezo ilikuwa juu ya duka la rangi. Aliwaonyesha sindano yake, wakaipenda, kisha wakamuuliza amesomea wapi.

"Kwenye meza ya kukatia," akasema.

Wakatazamana. Wakampa kazi ya kuandika maneno ya Kiswahili kwenye mchezo wao mpya, kwa majaribio. Wageni wangekuja kuucheza, wakiridhika, ataajiriwa, wasiporidhika, atarudi kwenye uzi wake. Siku hiyohiyo alifunga cherehani.

Sasa sikilizeni lilipoharibikia. Mchezaji akitaka kutoka, kioo kilimuuliza: "Unataka kuhifadhi mchezo wako?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Mwanangu akaona swali limekaa kama la askari. Sisi hatukulelewa hivyo. Mgeni akiinuka tunamwambia, "Hutaki kukaa kidogo?" Basi akaandika: "Hutaki kuhifadhi mchezo wako?" Kwake alikuwa amelainisha tu. Vitufe hakuvigusa, wala hakumwambia mtu.

Wageni wakaja. Mama mmoja wa makamo alicheza tangu asubuhi, akajenga mji mzima, masoko na visima. Alipotaka kutoka akaulizwa: hutaki kuhifadhi? Akajibu kama ambavyo ningejibu mimi: hapana, nataka. Akabonyeza Hapana. Mji ukafutika wote.

"Nani kaandika hili?" akauliza mkuu wa kazi.

"Mimi."

"Ungesoma, ungejua."

Neno hilo sijalimeza hadi leo. Kosa lilikuwa lake, sikatai. Lakini wenye shahada walilipita swali lile kila walipoujaribu mchezo, na viti vyao bado wanavikalia.

Baadaye walimwita tena, si kumrudisha. Amkabidhi kazi msichana mpya aliyetoka chuo. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, hivyo nilisikia.

"Dada, nianzie wapi?"

"Hapa, kwenye maneno ya muuza silaha wa mchezoni. Ukimwuliza mchezaji swali, uliza waziwazi. Na ukibadilisha neno, mwambie anayeunganisha vitufe. Mimi sikumwambia."

"Sawa, Dada. Na huyu bibi wa kisimani? Mbona maneno yake yamekatika katikati?"

Mkono Mwepesi akachukua mkoba wake.

"Nilikuwa naye siku waliponiambia niondoke," akasema. "Mmalizie wewe."