Mbeyu Aliyeombea Watu kwa Majina

Ukuta wa chumba changu na cha Mbeyu ni mmoja, na aliyeujenga hakuufikisha kwenye bati. Kwa hivyo mwaka wa kumi na tatu huu naamshwa na maombi ya mwenzangu. Alfajiri anakanda unga wa mahamri, na kwa kila donge analolikata anamwombea mtu: dereva wa lori anayekwenda Malaba, mgonjwa wa Jomvu, mwenye nyumba wetu na figo zake. Nilikuwa nikisikia jina langu ningali kitandani, na huu mguu wangu wa kushoto ukielezwa vizuri kuliko nilivyoweza kumweleza daktari. Siku nyingine nilikasirika, sisemi uongo. Mtu hapendi kupelekwa kwa Mungu kabla hajanawa uso.

Hapa Miritini tunamwita Mama Judy. Ni Mgiriama wa Kaloleni. Mumewe alikuwa kibarua bandarini Kipevu, akafariki, akamwachia binti mmoja na karai la mafuta. Huuza mahamri na mbaazi pale malori yanapoegeshwa, akimaliza anafua, halafu analala kidogo. Hana makuu na hana mengi. Kitu alichojulikana nacho ni maombi.

Ushirika wetu hukutana Alhamisi saa tisa, nyumba kwa nyumba, wanawake kumi na wawili. Purity, katibu wetu, huuliza kila mtu ana hitaji gani, halafu tunaomba, na Mbeyu ndiye aliyekuwa akifunga maombi. Wengine wetu tunaomba kwa jumla, uwakumbuke wagonjwa wote na wasafiri wote, tukanywe chai. Yeye alisema huo ni uvivu. "Wagonjwa wote ndio nani? Mtaje mtu, utaje na kinachomuuma." Basi alitaja. Aliwahi kutaja bawasiri za mume wa mtu, na huyo mume yupo uani anasubiri kahawa. Tulicheka wiki nzima, lakini bwana yule alipona, na watu wakazidi kumletea shida zao.

Sasa Judy. Aliolewa na Kefa, kijana wa Busia anayefanya kazi kiwandani Changamwe, wakapanga nyumba Kiembeni. Mimba mbili zilitoka. Mara zote mbili habari zilikuwa zimeshamfikia Phoebe, mamake Kefa, mwanamke wa moyo mzuri na mdomo mrefu, naye anakaa hapo hapo Changamwe. Mara zote mbili alinunua nguo za mtoto mapema. Mimba zilipotoka nguo zikabaki kabatini, na maneno yakabaki kwa watu.

Mwaka juzi mwezi wa saba, siku ya Jumanne, Judy alikuja kumwambia mamake kuwa ana wiki kumi. Wanaojua ni Kefa na wewe, akamwambia, na nataka ibaki hivyo mpaka mimba ivuke mwezi wa nne. Mbeyu akaapa. Na kiapo alikishika, maana hata mimi hakuniambia, mimi ninayejua hata chumvi yake inapoisha. Jumatano na Alhamisi alfajiri nilisikia jina la Judy, lakini hapo alishusha sauti.

Alhamisi hiyo ushirika ulikuwa kwangu. Mbeyu alisimama kufunga, akafumba macho, akaanza na mvua, akaingia kwa wagonjwa, na mnavyomjua akishapata moto hakumbuki yuko wapi. Tukamsikia: "Baba, mtazame Judy wangu na hii mimba ya wiki kumi. Ya kwanza uliichukua, na ya pili uliichukua. Hii mwachie." Tukaitika amina. Akafumbua macho, akaketi, akaomba sukari. Hakujua alichofanya. Mtu ameongea na Mungu wake, kuna nini?

Hapa lazima niseme la kwangu. Jioni ile nilimpigia wifi yangu wa Changamwe. Sikusengenya, nilimwambia ili naye aombe. Yeye akaliweka mbele ya ushirika wao Ijumaa ili waombe. Na katika ushirika ule yumo Phoebe. Ndivyo habari zinavyotembea kwetu: hakuna anayesengenya, kila mtu anaomba.

Jumamosi Phoebe alibisha hodi Kiembeni na kikapu cha sweta na kofia za sufu, akilia kwa furaha. Judy alipokea kikapu, akasema asante Mama. Siku kumi baadaye mimba ilitoka. Daktari alisema ni jambo la mwili tu, hakuna aliyelisababisha. Lakini safari hii sebule ilijaa watu wa kufariji, na kila mmoja aliomba kwa sauti. Mmoja alimwomba Mungu afichue dhambi iliyofunga tumbo hilo. Judy alikuwa chumbani, mlango uko wazi.

Mimi na Mbeyu tulikuwa tumepeleka uji. Wageni walipoondoka, Judy alitoka, akaketi mbele ya mamake.

"Mama, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mwanangu. Nilimwambia Mungu."

"Mungu alikuwa ameketi na wanawake kumi na mmoja, Mama."

Judy hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Sikukukataza kuniombea. Lakini jambo langu jingine hutalisikia kutoka kwangu." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikuwa nimeshika flaski na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu katika wale kumi na mmoja, mmoja ni mimi, na nilinyamaza.

Tangu hapo Judy alikuja mara moja kwa mwezi. Alimletea mamake sukari na dawa ya presha. Alizungumza habari za mvua na bei ya nyanya, kisha akaangalia saa. Mbeyu alikuwa na binti mmoja tu duniani, na binti huyo alikuwa akimsalimu kwa adabu zote, shikamoo Mama, na hamwambii kitu. Nimeona watu wakitukanana na wakaelewana kesho yake. Adabu ile ilikuwa mbaya zaidi.

Ukutani nako kukanyamaza. Nilisikia unga ukipigwa, donge likikatwa, basi. Alhamisi Purity akiuliza, Mama Judy una hitaji gani, alisema, "Sina." Wiki ya kwanza tukaona amechoka. Mwezi wa tatu wakaanza kusema amepoa. Mwezi wa tano Purity alisema kwa upole kuwa mtu anayefunga maombi lazima awe na mzigo, na kazi hiyo akapewa mwingine, anayeomba kwa jumla. Mbeyu alisema sawa. Akabaki kuosha vikombe.

Nilimfuata uani siku hiyo. Nikamwambia ni mimi niliyempigia wifi. Alikuwa anasugua sufuria kwa jivu.

"Najua," akasema. "Nilikusikia juu ya ukuta."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini, Mama Tinga? Mimi ndiye niliyeanza." Akaendelea kusugua. Kisha akasema kuwa sasa anaomba moyoni, na haoni raha yake, ni kama kula bila kutafuna. Niliumia, wallahi. Mimi niliyekuwa nikilalamikia kelele zake, sasa nilikuwa naamka peke yangu na kutega sikio.

Pasaka ya mwaka jana Judy na Kefa walikuja kula. Mbeyu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula cha Judy tangu utotoni. Judy akasema ameshiba. Nilimwona akichukua kipande cha ndimu, akakitia chumvi, akakilamba. Mbeyu alimtazama, akainuka, akaenda kuchota maji na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Aliporudi alizungumza habari za mvua. Mimi sikuelewa kitu, na hakunielewesha.

Baada ya hapo Judy hakuja tena. Alituma pesa kwa simu, akasema kazi ni nyingi. Alhamisi zikapita, na kila mara Purity alipouliza, jibu lilikuwa lile lile. Kuna mama alimwambia usoni kuwa labda ana jambo na Mungu. Mbeyu akamwongezea chai.

Mwisho wa mwezi wa nane, Jumamosi mchana, nilikuwa chumbani kwake tunachambua mbaazi. Judy akaingia na dera pana, na hapakuwa na dera la kuficha tumbo lile. Nikasimama. Mbeyu hakusimama. Alisogeza ungo, akapangusa kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti, umetoka mbali."

Judy aliketi. Alikuwa amejiandaa kusema, ilionekana, na sasa maneno hayakupata pa kuanzia. "Mbona hushtuki?"

"Nilikuona Pasaka."

"Tangu Pasaka unajua?"

"Tangu ile ndimu."

Judy alihesabu kwa vidole. "Umemwambia nani?"

"Hata wewe sijakuambia," Mbeyu akasema.

Judy alimtazama mamake. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alisema amekuwa akiogopa kila akienda msalani. Alisema anajaribu kuomba mwenyewe usiku na hajui, anaanza tu kisha anaishiwa. Kisha akauchukua mkono wa mamake, mkono ule wenye makovu ya mafuta, akauweka juu ya tumbo. "Niombee, Mama. Kwa sauti, nisikie."

Mbeyu alifungua kinywa. Halafu akakifunga, akageuza uso, akanitazama mimi.

Hakuna aliyenifukuza. Niliweka ungo chini, nikatoka, nikapita chumba changu bila kuingia, nikatembea mpaka kwenye malori, pale ambapo sauti haifiki.