Hela Iliyoliwa Harusini

Mimi ni mtu wa kubisha, na katika miaka tuliyofanya kazi pamoja nimembishia mwanamke mmoja karibu kila jambo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajaacha shule na kuja kutengeneza gemu nasi Kinondoni, katika vyumba viwili juu ya saluni. Tukazoea kumwita Mwalimu. Mimi niliandika programu, yeye alisimamia uchumi wa gemu, yaani kuangalia kwamba sarafu zinazoingia kwa wachezaji hazizidi sana zinazotoka.

Gemu yenyewe ni biashara ya kwenye simu. Unaanza na genge la mboga, ukiuza vizuri unapanda hadi duka, kisha ghala la jumla. Wachezaji huuziana bidhaa kwa bei wanazopanga wenyewe, na hapo ndipo mambo yalipotutokea puani. Wateja wa kubuni walimwaga sarafu kila siku, lakini hapakuwa na pa kuzimalizia. Wenye maghala wakajaa hela, wakapandisha bei ya kila kitu, na mchezaji mgeni akawa hawezi kununua hata tenga moja la nyanya. Alikuwa anafungua genge, anaitazama meza tupu, kisha anaifuta gemu.

Mzee aliyetupa mtaji, mwenye duka la vitambaa alilorithi kwa babu yake, alituambia bila kupandisha sauti kwamba wageni wakiendelea kukimbia hadi mwisho wa mwezi, anafunga. Mimi ningepata kazi kwingine. Mwalimu hakuwa na pa kurudi, maana nafasi yake shuleni ilishajazwa.

Nikasema tuweke kodi. Tukaiweka. Wenye maghala walitutukana mpaka nikaona haya kusoma, kisha wakaanza kuficha mali kwa majina ya shemeji zao. Tukaiondoa.

Wakati huo Mwalimu alikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yake, kule Kawe, na simu yake haikupumzika kwa ujumbe wa ahadi za michango. Mchana mmoja akaiweka mezani na kuikazia macho.

"Braza, hawahawa wanaolia hali ngumu, ukiwapa kadi ya mchango wanatoa. Kwa nini?"

"Wanaogopa kusemwa."

"Wapi! Wanataka kutajwa."

Nilibisha, bila shaka. Gemu ya biashara na ndoa wapi na wapi? Lakini niliandika alichotaka: wachezaji wawili wanaoana, soko zima linachangia, na mshereheshaji anawataja wachangiaji kwa sauti, aliyetoa zaidi kwanza. Michango yote nikaielekeza kwa maharusi.

Balaa! Watu wakaanza kuoana na kuachana ili wavune michango. Bwana mmoja wa Mbezi Luis alioa Jumatatu, akaacha Jumanne, Jumatano akaoa tena. Hela ikawa inazunguka tu, na bei ya nyanya haikushuka ng'o.

Mwalimu alicheka hadi akajishika mbavu. "We umewahi kuona bwana harusi anaamka na hela? Hela ya harusi inaliwa! Ukumbi, pilau, keki, muziki. Asubuhi wanabaki na picha."

Basi nikabadilisha. Kila mchango ukawa unaliwa: sarafu zinatoweka kabisa, na maharusi wanabaki na picha ya kutundika dukani.

Watu waliotutukana kwa sababu ya kodi ndogo sasa walimwaga sarafu wakichekelea, tena kwa kushindana. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini hawa walikuwa na vyote viwili na kupenda sifa juu. Maghala yakapungua hela, bei zikaanza kulegea. Mwalimu naye akawa anapima kidogo kidogo, kama mpishi anayeonja chumvi. Bei zikipanda, anaongeza na sherehe ya kipaimara, nayo ya kuchangiwa. Zikishuka mno, anaahirisha harusi, eti ukumbi umeingia maji. Nilikaa pembeni yake nikimtazama, na nasema wazi, sijawahi kumheshimu mtu kazini kiasi kile.

Mwisho wa mwezi mzee akapanda ngazi zetu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi. Mwalimu akamgeuzia kompyuta amwonyeshe wageni waliobaki. Mzee hakuitazama. Akatoa simu mfukoni. Kumbe siku zote hizo alikuwa anacheza, tena ana ghala, na sisi hatujui.

"Jana harusini nilitaka nitajwe wa kwanza," alisema. "Nimetoa yote. Nimefilisika, nimeanza upya na genge kama mgeni."

Mwalimu akaanza kuomba radhi. Mzee akainua kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Leo asubuhi nimenunua tenga la nyanya, nimepanga mafungu, yameisha yote. Sasa nikilifunga soko hili, mie nitauzia wapi?"