Fatiha ya Kupimia Malori

Mdogo wangu alikuwa na honi yake: mbili fupi, moja ndefu. Nikiisikia shambani naacha jembe, nakimbilia barabarani, na nikifika nakuta vumbi tu. Nafuta macho kwa ncha ya kanga, narudi kulima. Kwa muda mrefu, huo ndio uliokuwa udugu wetu, mimi na mtu pekee wa tumbo la mama yangu aliyebaki duniani.

Mwaka ule wa sabini na tisa, vita vilipotufikia, tulivuka kwenda Zaire tukiwa saba. Tulirudi wawili. Wengine tuliwaacha huko, katika udongo wa watu, na mume wangu naye alibaki upande ule kwa mke mwingine. Huyo sina haja ya kumsema. Mimi na mdogo wangu tukajenga nyumba ya nyasi kwenye kiwanja cha baba, upande wa Dranya, barabara ya kwenda Koboko ikipita mbele ya mlango. Nilidhani tutazeeka hapo tukigombana kuhusu mbuzi. Alikaa msimu mmoja wa mvua, akapata kazi ya udereva kwa tajiri mmoja wa Arua: chumvi na sabuni hadi mpakani, ufuta, simsim kama tunavyouita, wakati wa kurudi. Kila Jumanne alikwenda, na tajiri alitaka afike mpakani kabla ya adhuhuri.

“Simama hata kunywa maji,” nilimwambia siku moja nilipomkuta sokoni Koboko.

“Dada, tajiri hapana ngoja mutu,” akanijibu, huku akiangalia lori badala ya kuniangalia mimi.

Sikuamini kwamba ni tajiri peke yake. Kila akija nyumbani nilimuuliza ataoa lini, atajenga lini, kaburi la baba Zaire tutalizungushia matofali lini. Mtu gani angependa kushuka garini apokewe na maswali hayo? Lakini sikujua namna nyingine ya kumpenda. Mama alinikabidhi mtoto huyu akiwa na miaka tisa, na mimi nikaendelea kumlea hata alipoota ndevu.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini lori moja, si lake, lilimgonga bibi jirani yetu. Huku kwetu tunaanika mihogo kando ya barabara, maana ndiko kuna ardhi ngumu na jua la kutosha. Bibi aliinama kukusanya mihogo yake kabla mvua haijafika. Dereva hakusimama. Tulimzika bibi, na tulipotoka makaburini mwenyekiti wa kijiji akatuita chini ya paa la shule. Akasema polisi wako mbali na hawana gari, kwa hiyo sisi wenyewe tutawachunga madereva, kwa zamu, bila malipo.

Wazo la kwanza lilikuwa kuweka gogo barabarani. Watu walinung’unika mpaka likafa. Kila mmoja pale alikuwa na ndugu aliyeteremshwa kwenye kizuizi cha barabarani miaka ile ya vita na hakupanda tena. Hatukutaka kumfanyia mtu mwingine hivyo, hata dereva. Ndipo seremala mmoja, mzee wa Kikatoliki mwenye mdomo mrefu kuliko msumeno wake, akasema tutumie benchi la kanisa. Nani atakayeogopa benchi? Tukacheka, tukakubali.

La pili lilikuwa kupima mwendo. Kijiji kizima kilikuwa na saa mbili, moja imekufa na nyingine inatembea ikipenda. Tukamwomba dereva wa misheni, mtu anayeendesha kama amebeba mayai, apite mbele yetu kwa mwendo anaouona wa haki. Tukapaka jiwe chokaa mahali tulipoanza. Lori lake lilipofikia jiwe, Waislamu tukasoma Fatiha kwa sauti na Wakatoliki wakasali Baba Yetu. Alipita mara tatu. Pale lilipofika sisi tuliposema Amina tukaweka jiwe la pili, na hatua chache mbele yake jiwe la tatu, la Baba Yetu. Shehe wetu alikunja uso, akasema Fatiha si saa ya ukutani. Kisha akawaza kidogo, akasema haidhuru, angalau kila gari litakuwa limeombewa.

Ndivyo tulivyofanya kazi. Mlinzi alisimama kwenye jiwe la kwanza. Tairi la mbele likigusa mstari wa jiwe, anaanza kusoma, macho kwenye jiwe lake huko mbele. Gari likilipita kabla hajamaliza, anagonga ringi ya gurudumu iliyoning’inizwa kwenye mkwaju, na mwenzake aliye kwenye kona anaburuta benchi katikati ya barabara. Dereva hatukanwi, wala haombwi kitu. Anashuka, anatembea kwa miguu na mlinzi aliyemkamata, kutoka benchi hadi jiwe la kwanza na kurudi, ili miguu yake ijue umbali ambao gari lake limeumeza. Akimaliza anapewa maji, namba ya gari inaandikwa kwenye daftari, anakwenda zake.

Niliomba zamu ya Jumanne. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Seremala ndiye aliyekuwa mwenzangu, yeye na benchi lake kule kwenye kona.

Jumanne ya kwanza mdogo wangu alikuja kama anafukuzwa na nyuki. Mbili fupi, moja ndefu, nikaanza kusoma, sijafika hata katikati lori limeshapita jiwe. Niligonga ringi kwa nguvu zote. Nilipofika kwenye kona nilimkuta ameshuka, amekasirika, anabishana na seremala. Aliponiona akacheka mpaka akashika goti.

“Kumbe polisi ni wewe?”

“Tembea,” nikamwambia.

Tukatembea. Na njiani, mtu huyu ambaye nyumbani nilikuwa nikimvuta maneno kama ninang’oa jino, akaniambia kwamba ana mtoto Arua. Msichana, anatambaa. Amempa jina la mama yetu. Hakuniambia mapema kwa sababu hajatoa mahari na alijua nitakavyosema. Macho yangu yalikuwa mbele, kwenye chokaa ya jiwe, na miguu yetu ilikanyaga pamoja, na moyo wangu ulikuwa umejaa kiasi kwamba niliogopa kuufungua. Alikunywa maji, akapanda, akaondoka. Jioni niliporudi nyumbani nilipika ugali wa watu wawili, nikala peke yangu, na bado nilikuwa na furaha.

Jumanne iliyofuata alikuja polepole. Alipiga honi, akanipungia mkono kupitia dirishani kama mtoto mwema wa shule. Nilisema Amina yeye bado yuko nyuma ya jiwe. Alitii sheria yangu, na lori likapinda kona, nikabaki na chuma cha kugongea mkononi na vumbi hata halikuwa jingi. Naona aibu kusema, lakini siku ile nililia.

Jumanne ya tatu nilisoma taratibu. Nilijitetea moyoni kwamba mwalimu wa madrasa alitufundisha kuvuta maneno panapotakiwa kuvutwa, kwamba Fatiha ya haraka haina adabu. Uongo mtupu. Kwa malori mengine yote nilisoma kwa mwendo tuliokubaliana. Kwa lake tu nilivuta pumzi katikati ya maneno, mpaka lori likapita jiwe, nikagonga.

Alishuka bila kubisha. Tukatembea. Siku ile alinieleza jinsi mtoto anavyoita kila kitu “maji”. Jumanne nyingine alinikumbusha mtumbwi wa kuazima tuliovukia, jinsi baba alivyokataa kuacha redio yake isiyo na betri. Tulicheka hadi seremala akasimama kutuangalia kutoka mbali. Wiki nzima niliishi kwa chakula hicho cha hatua mia nane, mia nne kwenda na mia nne kurudi.

Mara ya tano, tulipofika kwenye jiwe na kugeuka, akasema bila hasira:

“Dada, leo mimi naangalia mushale ya mwendo. Ilikuwa kwa arobaini tu.”

“Fatiha ilikuwa haijaisha,” nikasema.

“Wewe iko soma kama mutu ya matanga.” Akatabasamu, akabandua jani lililonasa kwenye shati lake, akalitupa. “Haizuru. Mimi napenda hii kutembea.”

Aliyasema hayo, nayakumbuka vizuri. Alijua. Alijua, na alishuka hata hivyo, kila Jumanne, kunigaia dada yake robo saa aliyoiiba kwa tajiri wake. Ningekuwa na akili, siku ile ningemwambia: basi simama tu, mdogo wangu, nami nitaacha kugonga, na sitakuuliza mambo ya kuoa. Badala yake, Jumanne iliyofuata nikagonga tena.

Katika mkutano wa kijiji mwenyekiti alinisimamisha mbele ya watu. Alikuwa ameanza kupeleka daftari Arua, kuwasomea wenye malori namba za magari yao, na sisi walinzi tulikuwa tumeambiwa. Nilisikia siku ile tulipoambiwa, nikaliacha lipite. Sasa akaliinua daftari juu. “Tazameni huyu mama,” akasema, “ameandika hata ndugu yake wa damu. Mara sita! Hana upendeleo.” Watu wakapiga makofi. Seremala alipiga makofi polepole, akiangalia chini, nami nikaelewa kwamba kutoka kwenye kona yake alikuwa akiyaona malori yote na kasi zake. Nilirudi kuketi, na mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono kwa heshima.

Jumanne iliyofuata lori lake likaja bila honi. Nilisoma kwa mwendo wa haki, likapita jiwe baada ya Amina, sikuwa na sababu ya kugonga. Niligonga. Dereva aliyeshuka alikuwa mgeni, kijana mnene wa mjini, na kabla hajaanza kulalamika nikamuuliza dereva wa siku zote wa lori hili yuko wapi.

“Ule alifukuzwa,” akasema. “Tajiri alisomewa kitabu ya hapa, namba ya gari mara sita. Akasema dereva ya namna hii itaniulia mutu.”

“Amekwenda wapi?”

“Wengine wanasema Sudani, na gari ya mutu mwingine. Wengine wanasema Zaire. Mimi hapana jua, mama.”

Nilimwambia apande aende, kwamba hana kosa. Seremala aliondoa benchi barabarani peke yake, akaja akakaa nami kwenye jiwe mpaka zamu ikaisha. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima changu nilikichimba kwa maneno ya Mungu, na aliyeingia si mimi.

Nilikwenda Arua kumtafuta mama wa yule mtoto, nikaambiwa amehamia kwa watu wake, na hakuna aliyejua ni wapi hasa. Mpaka leo sijamwona msichana anayeitwa jina la mama yangu.

Mawe bado yapo, chokaa imekwisha, watu wanayakalia wakisubiri magari. Kuna Jumanne nakwenda kukaa pale nikiwa sina kazi. Ninamsomea mdogo wangu Fatiha, sijui kama ni ya aliye hai au ya marehemu. Ninaisoma haraka haraka, kwa mwendo wa kumpitisha.